Kibati cha Baba

Baba yangu alikuwa na majina mawili:
Kyungu, alilopewa na bibi yake kule Bukama,
na 41706, alilopewa na kampuni.
La pili ndilo aliloitika haraka.

Lilichongwa kwenye kibati cha shaba
kisichozidi upana wa kidole gumba.
Sisi watoto tulilijua kabla ya jedwali la kuzidisha.
Kwa namba ile tulipata unga, viatu, shule,
hata kitanda cha hospitali alimozaliwa Numbi, mdogo wangu.

Kisha kampuni ikampa bahasha na kumshukuru.
Miaka miwili baadaye bado aliamka saa kumi alfajiri,
akavaa ovaroli, akafunga kamba za viatu,
akaketi uani katika baridi ya mwezi wa sita,
akisubiri king'ora
ambacho kwa zamu yake hakingelia tena.
Mama alimwekea chai bila kumuuliza.
Jirani akipita: "Baba Ngoie, habari ya kazi?"
Naye: "Kazi iko."
Na kile kilima cheusi cha terili kikitutazama juu ya mapaa.

Nikaapa sitakuwa yeye.

Nikapata meza, kompyuta, kiti kinachozunguka,
katika ofisi ya forodha, barabara ya kwenda Kasumbalesa.
Sina kibati. Nina simu.
Inatetemeka chini ya mto saa tano usiku:
lori limekwama, karatasi imekosa muhuri,
nami gizani najibu ndiyo bosi, nakuja bosi,
huku bukari ikikauka mezani
na mwanangu Kisimba amelala na viatu vyake.

Bosi akinisifu, nilikuwa mzuri.
Bosi akinyamaza, nilijikagua kama mfuko mpakani:
nimeficha nini, nimevunja nini?

Ndipo ikaja ile sifuri.
Moja tu, niliiacha kwenye safu ya kilo,
malori manane yakalala njiani siku tatu.
Monsieur Tambwe hakupaza sauti. Angepaza, ingekuwa nafuu.
Alisema tu, "Nilidhani wewe ni mtu wa kazi."
Nikaingia chooni, nikafungua bomba hadi mwisho
ili maji yapige kelele badala yangu.
Siku hiyo maji yalikuwa yamekatika.
Nadhani Lubumbashi nzima ilinisikia.

Jumapili nikaenda kwa Baba, Katuba.
Nikamkuta amepiga magoti mbele ya kibanda cha sungura.
Mlango umefungwa kwa kitu kinachong'aa.
Nikainama. Nne, moja, saba,
halafu tundu la msumari, pale palipokuwa na sifuri.

"Baba, hicho si..."
"Ndicho. Komeo lilivunjika."
"Na hukuumia?"
Akafikiri. Sungura mmoja alitafuna matembele vidoleni mwake.
"Niliumia sana. Siku ya kukitoboa nililia, mama yako shahidi."
Akasukuma kibati, kikazunguka, kikashika.
"Lakini sungura hawakutoka."

Hakuongeza neno, nami sikumwambia habari za malori.
Tulikula bukari na sombe. Alilamba vidole.
Aliniuliza kama bado naogopa radi.

Sijapona.
Saa kumi alfajiri macho hufunguka yenyewe,
kifua kikisubiri king'ora cha mtu mwingine.
Jumatatu nilipeleka karatasi iliyosahihishwa,
nikasema, "Kosa lilikuwa langu, hili hapa limekwisha,"
na magoti yalitetemeka mpaka chakula cha mchana.

Lakini saa kumi na mbili jioni naizika simu
ndani ya debe la unga, nafunika,
na Kisimba anaketi juu yake, mlinzi mkali,
akinisimulia mambo ya shule toka kengele ya kwanza.

Jana ilitetemeka. Tuliisikia sote wawili,
kama panya aliyefukiwa.
Mkono wangu ukanyanyuka.

"Mama," akasema, "sijafika mwisho."

Nikaurudisha mkono kwenye sahani.