Gusa Begi Lako

Lango la kwanza liko mbali, hata ndege hazisikiki.
Nazir anazima injini, tunashuka wote wawili.
Gari linafunuliwa kama mgonjwa: boneti, buti, chini ya viti.
Mbwa ananusa magurudumu, ananusa viatu vyangu,
kisha anapiga chafya.
Hapo ndipo nilipomwachia Nazir kijungu changu cha makaa,
moto wake ungali hai ndani ya kikapu.
"Huko ndani hawakitaki," alisema,
akakitia chini ya joho lake la sufu
akaondoka na joto langu.

Tangu hapo sina wa kumwambia nishikie nafasi.

Srinagar, mwezi wa pili. Theluji ya juzi imekuwa tope.
Watu wakiwa wawili, mmoja hulinda viatu mwenzake akivua mkanda.
Mimi nalinda viatu kwa jicho la kulia,
na pochi, na kitambulisho, na dawa ya presha
kwa hili la kushoto lenye mtoto wa jicho.
Mtoto pekee niliyejaliwa,
nami nampeleka Chandigarh akatolewe.

Nyuma ya pazia yupo Selvi, askari kutoka kusini kabisa,
baridi ya kwetu imempasua midomo.
Inua mikono. Geuka. Kirungu chake kinalia shingoni.
"Pini," nasema.
Kinalia tena.
"Pini nyingine."
Anacheka kidogo, kisha anakumbuka kazi.

Kwenye kioo cha mashine begi langu limekuwa mifupa.
Bwana mmoja mwenye masharubu anaonyesha kwa kalamu:
duara nyeusi, nyingi, zimetungwa kwenye uzi.
"Hizi nini?"
Biringanya. Tulizianika jua likiwapo
maana barabara zikifungwa hakuna cha kupika.
"Nani alifunga mzigo huu?"
Mimi.
"Peke yako?"

Ndiyo, nikasema, nikadanganya.
Nguo nilizipanga mimi, biringanya mimi,
lakini kamba ya nje aliifunga Ghulam Qadir
siku tulipokwenda kumtazama dada yake, miaka minne leo.
Sijapata kulifungua fundo lile.
Kamba huivua kwa kuipitisha konani, kama soksi,
na huirudisha vivyo hivyo, fundo likiwa limelala upande wake uleule.
Nilitaka kumweleza. Nyuma yangu foleni ilikohoa.
Akatoa mkasi.
Uwanja mzima hakuna ruhusa ya mkasi, ila wake.

"Na chupa hii? Kunywa, nikuone."
Nikapiga funda. Maji yakashuka,
fundo likabaki hapa.

Muhuri. Muhuri. Pazia jingine. Muhuri.

Halafu nje, kwenye saruji iliyolowa,
mabegi yamepangwa chini ya mabawa, yanasubiri wenyewe.
Kila mtu aguse lake ndipo lipakiwe;
lisiloguswa halisafiri.
Nikapita safu ya kwanza nikitafuta kamba,
nikarudi, nikapita ya pili.
Watu waligusa, wakapanda. Mwenye watoto watatu aligusa manne.
Kijana wa mizigo aliyefungasha skafu mpaka puani
akauliza, "Mama, lako lipi?"
Sijui, mwanangu.

Tukasimama mpaka likabaki moja.
Jeusi, limezungushwa utepe wa njano wa plastiki
ambao sijawahi kuuona.
Nikaligusa kwa ncha ya kidole,
kama unavyompima homa mtoto wa jirani.
Akalichora chaki, akalibeba.

Chini ya ngazi, askari wa mwisho.
"Mfukoni?"
Nikafumbua kiganja.
Kipande cha kamba, urefu wa kidole,
na fundo lake katikati, nililoliokota sakafuni
bwana yule alipogeuka kumwita anayefuata.
Akaligeuza huku na huku. Akalinusa, sijui kwa nini.
"Kamba tu," akasema.
Kamba tu, nikasema,
nikapanda.