Sekunde Thelathini

Saa nne usiku, Nizwa, studio ya chuo,
ghorofa ya pili, juu ya maktaba ya sheria.
Kiyoyozi kinakoroma ndani ya maikrofoni,
kwa hiyo nakizima na kutokwa jasho
kwa ajili ya selo.

Kipindi changu kina saa mbili na wasikilizaji saba.
Saba, kasema mkurugenzi kikaoni, kidole juu ya karatasi:
"Saba, Shinuna. Na mmoja wao ni wewe."
Sikumwambia kwamba mimi sikujihesabu.
Wa saba ni Bibi Ghaniya,
ambaye redio yake imefungwa kwa uzi wa kushonea kofia
na kisu chake hakigeuki, haishiki stesheni nyengine.

Bibi hata haupendi muziki wenyewe. "Mrefu,
kama mgeni anayeaga mlangoni na haendi."
Anachopenda ni kabla: pale wapigaji
wanapolinganisha nyuzi, kila mmoja na lake,
zumari moja inashika sauti,
fidla zinaifuata zikiburura miguu,
mtu anakohoa, kiti kinalia.
"Hapo," anasema, "hapo wanasema kweli.
Jikoni kwenye harusi, sufuria haijapanda."
Ndiyo maana kila usiku nafungua kwa huko kulinganisha,
dakika nzima, bila maelezo.
Kitivo cha uhandisi kimeshaleta barua:
tafadhali rekebisheni mitambo.

Mitambo ina sheria yake. Ikikosa sauti sekunde nane
inadhani tumekufa, inamwaga tangazo:
usajili wa kiangazi, ada kwa awamu.
Mtungaji aliyelala kaburini miaka mia mbili
hana habari na ada kwa awamu.
Pale sehemu ya tatu alizinyamazisha fidla, akamwacha selo peke yake,
chini, chini kuliko sikio la mashine,
mtu anayesema na nafsi yake gizani ili asiamshe watoto.

Nikamwendea Muadh, fundi, na sahani ya halua.
"Nipe thelathini."
"Sekunde thelathini za kitu gani?"
"Za kama si kitu."
Akanitazama, akala, akaramba kidole,
akaandika tarakimu.

Jumatatu ile, basi.
Nyuzi zikapanda, zikabishana, zikaacha.
Nikahesabu kwa kucha juu ya meza.
Sita. Saba. Nane.
Tisa tukaivuka, mzima mzima, hakuna ada,
na mimi kwa furaha nikasahau maikrofoni iko wazi:
"Loh!"

Taa ya simu ikawaka.
Sauti ya mtu mzima, Kiswahili cha bara, cha kando ya reli:
"Nani huyo kasema loh?"
Sulayyim, lori la maji, mzaliwa wa Tabora,
kaegesha njia ya Tanuf. Yote hayo kwa pumzi moja,
kama mtu aliyeokota shilingi ya zamani
na anataka kujua nani kaidondosha.
"Redio imekufa, mwanangu?"
"Haijafa. Zima injini. Ngoja."

Injini ikazimika. Nikasikia
maji yakipiga ubavu wa tangi,
galoni elfu tano zikitafuta pa kutulia,
kisha zikatulia.
Sikuweza kumsaidia zaidi. Ukimwonesha mtu
kitu kidogo kama kile, kidole chenyewe kinakiziba.

"Aa," akasema, polepole. "Kuna mtu humo ndani."

Sekunde ya thelathini. Usajili umefunguliwa,
ada kwa awamu, tarumbeta za kompyuta.

"Na huyu anayepiga kelele?"

"Chuo," nikamwambia. "Ngoja, atapita."