Bei za Jumapili

Kibirizi, jua limezama. Nimeshaanua dagaa,
mikono bado inanuka ziwa.
Nimekalia beseni nililolifudikiza,
daftari magotini:
ukurasa wa kushoto wangu, wa kulia wa Butoyi.
Sisi pacha. Mimi Bukuru nilitangulia kutoka,
naye hajanisamehe hadi leo.

Hatuulizani hali. Hali ina urefu, na dakika zinakatwa.
"Sukari?"
Namtajia. Anapiga mluzi.
Anataja ya kwake, ya Bujumbura, kwa faranga,
nami nazivusha faranga moja moja kichwani
hadi ziwe shilingi,
zikifika zimechoka kama abiria wa Manyovu.
"Petroli huku hakuna," anasema,
"foleni imelala siku ya tatu, natembea kazini toka Kanyosha."
"Huku ipo tele," namjibu,
"ila mimi sina hata baiskeli ya kuinywesha."
Tunacheka.
Kicheko kinatugharimu sekunde kumi na moja.

Kuna Jumapili alisema: tuache faranga, tuache shilingi,
zote mbili zina homa.
Tupime kwa jasho.
Yeye hujenga. Kilo ya nyama, akasema,
ni tofali mia na arobaini, zimepangwa, zimenyooka.
Nikapiga yangu: mabeseni manne
ya kuanika, kugeuza, kufukuza kunguru,
mvua isipokatiza.
Tukanyamaza.
Nani ajuaye beseni moja ni tofali ngapi?
Mgongo wake, kiuno changu:
hakuna dirisha la kubadilishia fedha linalovipokea.

Maharage ni nafuu kwake, mwezi wa kuvuna.
Mawese ni nafuu kwangu.
Chumvi ni yangu siku zote, Uvinza si mbali.
Mama alipokuwa hai alivuka nayo,
pakiti mbili zimefungwa ndani ya kitenge,
akarudi na maharage, debe limejaa hadi kumwagika,
wala hakuandika popote.
Ukimuuliza faida alikuona huna adabu.
Yeye aliita ile safari kusalimia.

Leo Butoyi ana haraka.
Sabuni, ruka. Kodi ya chumba, ruka.
Unga nitakwambia wiki ijayo.
"Bukuru, andika dawa," anasema,
"ya mtoto, ile ya kifua,
hospitali wametwambia tukanunue nje, ni..."

Salio limekwisha.

Nimeandika: dawa.
Kushoto najaza, bei ya duka la Mwanga naijua.
Kulia pako wazi,
peupe kuliko karatasi nyingine zote.
Huko chini mashua ya Rumonge inapakia,
mtu anahesabu magunia kwa sauti, anakosea, anaanza upya.

Nafunga daftari, nakwenda kwa Ntakije kukopa vocha.
Ananidai ya Jumapili iliyopita.