Mvua ya Kadutu

Asubuhi kompyuta ilinisalimu:
Kadutu, mvua inanyesha.
Sikuwa nimeiambia kwamba naishi Kadutu.

Nikamwita Cikuru, fundi wa Nyawera,
akaja na flashi mfukoni, katikati ya karanga.
"Linux haikuulizi kwenu ni wapi," akasema.
"Ila printa itakununia."

Umeme ukakatika mara mbili;
betri ikajikaza,
maandishi meupe yakiteremka
kama watu na mizigo wakishuka sokoni.

Printa kweli imeninunia.
Wiki ya tatu sasa, natafuta kitufe cha sauti.
Lakini majina ya akina mama
walionisimulia yaliyowapata, mlango ukiwa umefungwa,
yamelala humu, na ufunguo ninao mimi.

Mvua?
Naisikia juu ya bati.