Yai si Goti

Jumamosi, maabara haina mtu.
Nimefungua dirisha la upande wa reli,
nikatandaza gazeti, nikamenya:
viazi vitamu vinne vya zambarau,
tangawizi ya kadiri ya kidole gumba,
na manjano mabichi yaliyonipaka kucha
rangi isiyotoka mpaka Jumatano.

Mzigo umekuja na konda wa basi la Sikonge.
Mama kaufunga mwenyewe, mafundo mawili,
moja limelegea.
Nikaujua mkono wake wa kulia.

Vidole vyake navyo vimekuwa mizizi,
vimepinda, vina moto ukivigusa.
Magoti yanaitangulia mvua kwa siku mbili.
Vidonge vya hospitali tumbo liliv­ikataa.
"Wewe si umesoma? Viulize hivi viazi.
Mbona bibi yako alilima
mpaka wiki aliyozikwa?"

Basi naviuliza.
Natwanga, nachuja kwa kipande cha kanga kuukuu,
maji yanatoka rangi ya wino wa mhuri.
Ute wa yai naugawa kwenye neli nne:
tatu nazitia maji ya mizizi, ya nne maji matupu,
zote naziketisha kwenye sufuria,
nyuzi sabini, jicho kwenye saa.
Mlinzi Kapaya ananusa mlangoni:
"Mwalimu, leo unapika?"

Uvimbe, ndivyo ninavyowafundisha wasichana wangu,
ni askari wa mwili waliokuja mbio na mienge
wakamfukuza mwizi,
kisha wakasahau kwenda nyumbani.
Na kitu laini kikipata moto
kinajikunja, kinaganda, hakirudi kilivyokuwa.

Neli ya maji imekuwa maziwa.
Ya tangawizi imesitasita, nusu wingu.
Ya manjano siielewi.
Ya zambarau bado inapitisha mwanga.
Naiinua dirishani: treni ya Mpanda inapita ndani yake,
mabehewa madogo, yakienda upande
usio wao.

Nikacheka peke yangu.
Nikampigia.

"Mama, ute haukuganda."
"Kwa hiyo nimepona?"
"Hapana. Hili ni yai tu. Halina damu,
halina tumbo, halijawahi kushika jembe."
Kimya. Nikawasikia kuku wake.
"Nimekuuliza goti, Kalunde,
unanijibu yai."

Daftarini nimeandika tarehe, nyuzi, dakika.
*Rudia. Rudia tena.*
Na pembeni, kwa penseli,
maneno ya mama.

Vilivyobaki nimevichemsha, nikamgawia Kapaya
na karanga kidogo. Kasema vitamu.
Kesho kwetu wanakata michembe.
Kisu kapewa Mihayo, mtoto wa dada.
Mama atakaa juani kwenye jamvi,
avipange vipande vya zambarau
kimoja kimoja,
kwa ule mkono wa kushoto.