Kamera Yenye Mpira wa Baiskeli

Laki mbili na themanini elfu.
Nimezihesabu kitandani mara tatu,
na bado zinashikana:
noti za asali hazikauki vizuri.

Gongoni, studio ya Sizya inafungwa.
Pazia lake la maporomoko ya maji,
na ndege inayopaa juu ya maporomoko,
limekunjwa na kufungwa kamba
kama jamvi la msiba uliokwisha.
"Siku hizi kila mtu mpiga picha," anasema.
"Wanaokuja kwangu ni wenye kuomba pasipoti
na wenye kufiwa."
Hacheki.
Anapanga kamera tatu juu ya kaunta ya kioo.

Anataja megapikseli. Anataja lenzi ya kubadilisha.
Hii imepiga harusi arobaini na moja.
Naitikia kwa kichwa
kama mtu anayesomewa mkataba wa kiwanja.
Nina swali moja tu, na silijui linavyoulizwa:
ipi kati ya hizi itaona stesheni
saa kumi na mbili na robo asubuhi,
treni ya Kigoma haijafika,
mvuke wa chai na vumbi
vikigombea mwanga uleule?

"Kazijaribu," anasema.
"Niachie kitambulisho. Adhuhuri uwe hapa."

Isevya, uani,
shangazi Kalunde anakamua masega,
mikono imezama mpaka viwikoni.

Nilianza na ile kubwa.
Alipoiona akasimama wima,
akanawa, akaagiza kanga iliyo kabatini,
akafumba mdomo.
Picha ikatoka safi, kila kope inahesabika,
na shangazi hayumo.

Ya pili, ya rangi ya fedha,
ina taa inayochomoza yenyewe kama kishungi cha jogoo.
Ikamulika. Kuku wakakimbia.
Shangazi akacheka, akataka kujiona,
akasema futa hiyo, na hiyo, na hii shingo ya nani?
Tukafuta mpaka tukabaki na picha ya mlango.

Ya tatu nyeusi, ndogo, imechubuka pembeni,
kifuniko cha betri kimeshikwa
na ukanda wa mpira wa baiskeli.
Haivuti cha mbali.
Ukitaka karibu, usogee wewe.
Nikasogea, nikasogea tena,
mpaka tone la asali likaniangukia kwenye kandambili.
Shangazi alidhani mbovu.
Akaendelea kumsema dalali:
"Ndoo nzima! Ndoo nzima, anataka kwa bei ya..."
Nikabonyeza.
Ililia kidogo tu, kama mtu anayemeza mate.

Ndoo imekatika nusu.
Mkono umekuwa ukungu.
Lakini ile hasira yake, ile ya kila Agosti,
iko pale, mdomo wazi katikati ya neno,
na nyuki mmoja sikumwona nilipopiga.

"Mchagua jembe si mkulima," shangazi aliniambia,
yeye ambaye kisu chake cha masega
hakuna anayethubutu kukatia hata kitunguu.

Adhuhuri, Sizya akaigeuza mkononi.
"Hii? Hii niliiweka zitimie tatu."
Akataka elfu tisini. Nikampa themanini na tano.
Akanitupia kadi ya bure,
na kabla hajanirudishia kitambulisho
akaitazama sura yangu pale,
akasema, "Hii nilipiga mimi. Ulikuwa umeambiwa usitabasamu."

Sitadanganya: usiku niliiwaza ile kubwa.
Niliwaza ningeivaa shingoni sokoni
na watu wangenipisha.
Nilifungua kifuniko, nikafunga, mpira ukanichapa kidole.

Asubuhi, stesheni.
Treni imechelewa, wanasema saa mbili, labda nne.
Muuza chai anapuliza mkaa.
Niko mbali mno, naona mgongo tu.

Nasogea.