Nyasi Ndani ya Kengele

Fomu ilikuja na gari jeupe kutoka Kampala,
kurasa sita, visanduku vimeachama
kama makinda kwenye kiota.
Idadi ya matukio mwezi huu.
Nikaandika sifuri.
Mwezi wa pili, sifuri.
Wa tatu, sifuri, na mkubwa wangu akapiga simu akicheka:
Hongera Asekenye, amani imeota mizizi.

Nakiru alikuwa akipepeta mtama.
Akaitazama ile sifuri niliyoiviringa vizuri.
"Hili ni yai," akauliza, "au ni shimo?"

Sikumjibu. Nilijua, na nilikataa kujua.
Tangu askari walipomchukua kijana wa Longok,
siku mbili baada ya jina lake kuingia daftarini mwangu,
hakuna aliyenieleza kitu ila habari za mvua.
Walinipa kigoda, walinipa uji wa ulezi,
waliniuliza hali ya mama,
na midomo ilikuwa imeshonwa kwa heshima.

Basi nikalileta daftari mbele ya kamati,
watu wa Napak huku, sisi Wateso kule,
nikachana kila ukurasa wenye jina,
tukachemshia chai.
Mwongozo haukusema hivyo.
Kisha nikauliza kama mgeni:
ninyi wenyewe, mnajuaje kwamba usiku huu mtalala?

Aliyejibu ni mchungaji, ndevu hajaota.
"Kengele."
Ukiogopa, unasokota nyasi,
unazishindilia kwenye kengele ya fahali
wezi wasisikie zizi liko wapi.
Hofu ikipoa, unazitoa.
"Hesabu nyasi," akasema. "Sisi utuache."

Hapo wanawake wakaanza kukatizana:
anayelala na katambuga miguuni;
punda aliyeazimwa ng'ambo akarudi na miguu yote minne;
chumvi ya mkopo soko la Iriiri,
ukiiomba kwa lugha ya mama yako nawe ukapewa.
Nangiro akataja mbwa. Wakambishia hadi jua likazama,
kwa kuwa mbwa humbwekea fisi,
humbwekea mlevi, hubweka hata ndotoni.
Mbwa tukamtoa.

Siku hizi, kila Jumanne, ukuta wa ghala na kipande cha mkaa:
mstari kwa kila kengele iliyonyamaza.
Jina hakuna.
Na ukuta una wasomaji wakali.
"Futa huo!" Lomuria alifoka.
"Kengele yangu haikunyamaza kwa hofu.
Fahali nimemuuza, nimelipa karo."
Nikafuta kwa mate na kidole gumba.
Ile semina ya Soroti, siku tano na kuku wa kukaanga,
haikunifundisha nusu yake.

Mwezi wa Agosti mistari ikasongamana
upande wa kisima.
Hakuna aliyeibiwa. Hakuna aliyepigwa.
Kamati ikaenda, ikakuta mpini wa pampu umekatika,
vijiji viwili kwenye dimbwi moja,
na maneno yameshaanza kunolewa.
Akaletwa fundi. Juma la pili nyasi zikatoka,
bonde likalia *ng'ing'i, ng'ing'i* mpaka usiku.
Niliituma habari Kampala. Wakaniuliza
niiweke kisanduku gani.
Jambo ambalo halikutokea halina kisanduku.

Juzi nililala kwetu, Kapelebyong.
Usiku baridi ikaingia, nikavuta shuka
nimfunike mama miguu.
Katambuga. Zote mbili,
mikanda imekazwa.
Mwaka wa ngapi huu, na mimi
ndiye mwenye daftari.

Jumanne nikavuka mapema, kabla ya watu,
nikaokota mkaa,
na upande wetu wa ukuta, uliokuwa mweupe mwaka mzima,
nikachora mstari mmoja.
Nakiru alikuwa amesimama nyuma yangu.
Hakuuliza ni wa nani.
Alisogeza kigoda.